Hesabu ya Nyumba Iliyoanguka

Ukurasa huu wa kwanza nimeshauandika mara tisa. Sijisifu. Ni maradhi yangu tangu niliposhika kalamu: neno moja likikaa upande, nachana karatasi nzima naanza upya. Mara hii nimejikataza. Nitakapokosea nitapakata kwa mstari na kupaacha paonekane, maana jambo ninalotaka kulieleza lilitokea kwa sababu napenda mno karatasi safi.

Skuli niliishia darasa la nne. Yaliyobaki nilijifundisha mwenyewe, na kama kuna mtu wa kumshukuru ni shoga yake mama, mke wa muuza sabuni na mafuta ya taa, aliyekuwa akikaa chumba cha chini katika nyumba kubwa ya mawe mtaani nyuma ya Mkunazini. Mumewe alikuwa akinunua magazeti makuukuu kwa ratili apate kufungia sabuni. Bibi yule akiyapitia kabla hayajakatwa. Kurasa za Kiingereza akizitia pasi ya makaa zikanyooka, akazikunja, akampa mama aniletee. Mwenyewe hakujua kusoma hata herufi moja ya Kizungu. Akichagua kwa kuangalia mistari ilivyobanana, akidhani kwamba penye maneno mengi ndipo penye elimu nyingi. Ndiyo maana Kiingereza changu nilikianza kwa bei za karafuu na habari za meli. Kupiga taipu nilijifunza juu ya kipande cha kadibodi, herufi nimezichora kwa mkaa.

Nilipotimiza miaka kumi na tisa, ofisi ya mji ikaniajiri karani mdogo.

Masika yaliyotangulia kuajiriwa kwangu, nyumba moja ya zamani ilikuwa imeporomoka, na watu wakachimba tangu asubuhi mpaka alasiri wakiitafuta familia iliyokuwa ikikaa humo. Familia yenyewe ilikuwa Kendwa, harusini. Hapakuwa na mtu aliyejua. Wakati ngazi zote na mikono yote iko pale, ukuta mwingine ukaanguka mtaa wa Malindi, na wa kwenda hakupatikana. Baada ya hapo Mzungu mkubwa wa ofisi yetu akaweka utaratibu. Kila mtaa ukapata mzee wake mwenye firimbi. Watu wa zimamoto wakapangiwa ngazi na kamba, watu wa kazi za mji wakapangiwa sururu, mitarimbo na makarai, na nyapara wao akaambiwa kwamba firimbi ikilia asingoje ruhusa ya mtu. Skuli moja ikatengwa kwa watakaokosa pa kulala. Na pakawa na daftari. Kila nyumba ya mawe iliyochakaa iwe na karatasi yake, na karatasi iseme wanalala watu wangapi. Nyumba ikianguka, karani aende na karatasi, ahesabu waliopo na waliotolewa. Hesabu ikitimia, watu watoke chini ya kuta zilizobaki, waende kwengine wanakohitajiwa.

Daftari hilo nilipewa mimi. Nililipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kupewa.

Miezi miwili nilizunguka mlango kwa mlango. Napiga hodi, nasimama nje ya kizingiti, macho chini, naeleza kilichonileta. Mama alikuwa amenionya mapema kwamba sitamuuliza mwanamme yeyote majina ya wanawake wake, wala umri wao, wala chumba wanacholala, kwani nitafukuzwa na nitastahili. Kwa hivyo kila mstari ulikuwa na mwanamme mmoja, kazi yake na idadi: muuza kahawa, chini, watu wawili, fundi cherehani, juu, watu watano. Wanawake na watoto walikuwa ndani ya ile idadi, wamejificha humo kama walivyojificha nyuma ya mapazia. Mkubwa wetu aliona imekaa vizuri. Mimi pia niliona hivyo.

Nikapiga mistari kwa rula. Penseli sikuitaka kabisa, inafifia na inaonesha kwamba mtu hakuwa na hakika. Kila nilipokosea nilinakili karatasi nzima upya. Nyapara wa watu wa kazi, mtu mnene mwenye maneno, akipita ofisini akinikuta nimeinama vile vile.

"Karani," aliniambia siku moja, "wewe ukifa, Munkari na Nakiri huko kaburini itabidi wangoje kwanza wino ukauke."

Ofisi nzima ikacheka. Na mimi nikacheka, ingawa ilinichoma.

Mwishoni mwa mwaka mume wa yule bibi akafariki. Homa ya siku nne tu. Nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza, na siku ya tatu nilikuwepo kwenye khitma, tukamsomea Kurani yote. Wiki ile ile nikafungua daftari. Nyumba yao ilikuwa na watu kumi na watatu. Muuza sabuni, chini nyuma, watu wawili. Nikaiweka rula juu ya mstari wake, nikaukata kwa wino mwekundu, nikaandika nakala mpya isiyo na mstari ule. Kumi na mmoja.

Nataka niseme kweli hapa, kwa sababu ndipo watu wanaponionea huruma nisiyoistahili. Sikumsahau. Nilikaa na kalamu mkononi nikijiuliza: na mkewe je? Hakuwa na mwanamme wa kumwandika chini yake. Kakake alikuwa Makunduchi, na huenda angemchukua baada ya eda. Ili niandike sawasawa ilibidi niulize kama atabaki chumbani au atahama, na swali hilo haulizwi mjane aliyekaa eda, na hasa haliulizwi na ofisi. Angedhani anafukuzwa. Mwenye nyumba naye angelisikia akapata la kusema. Nilimuuliza mama nifanyeje.

"Mwache mwenzio akae eda yake," alisema. "Huyo kwani anakwenda wapi?"

Nikaamua kungoja. Miezi minne na siku kumi si mingi, nikajiambia, kisha nitamwandika mara moja, kwa wino, na itakuwa sahihi. Ningeweza kuandika namba moja kwa penseli pembeni mwa karatasi. Lilinijia wazo hilo. Nililiona linachafua ukurasa.

Mama akimpelekea chakula kila baada ya siku moja. Siku aliyoumwa na mguu nilikipeleka mimi, nikaweka sahani kizingitini, nikageuka upande. Yeye alikuwa nyuma ya pazia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hayo makaratasi yako hayeshi?"

"Bado, bibi. Nnayasafisha."

"Usijiue," akasema, na nikasikia anacheka kidogo. Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia.

Masika ya mwaka uliofuata yalikuja mapema. Ilinyesha siku sita bila ya kupumzika, kuta zikanywa maji, chokaa ikawa inamenyeka kwa kidole. Siku ya saba, saa tatu asubuhi, firimbi ikalia nyuma ya Mkunazini. Nilikimbia na daftari nimelifunga kwa kitambaa cha mpira ndani ya koti.

Upande wa nyuma wa nyumba ile ulikuwa umekwenda wote, juu mpaka chini. Boriti zilitoka kwenye kifusi kama vijiti, na mvua ilikuwa ikipiga juu yake. Watu wa zimamoto walishafika, na watu wa kazi walikuwa wakipokezana makarai. Nilisimama kibarazani kwa jirani, nikafungua karatasi, nikaanza. Wanawake wa juu na watoto walikuwa wameshateremshwa kwa ngazi na kupelekwa skuli; mzee wa mtaa alinipa idadi yao. Waliokuwa kazini wakaja mmoja mmoja wakihema, nami nikawatia alama. Muuza kahawa alitolewa chini ya mlango uliomwangukia, mkono umevunjika, mkewe nyuma yake amefunikwa shuka. Wa mwisho alikuwa mtoto wa fundi cherehani, amekaa ndani ya kabati, hana hata mchubuko.

Alama kumi na moja. Nilihesabu mara mbili, kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu.

Dirishani mwa nyumba ya mkabala alitokeza bibi mmoja mtu mzima, akauliza kwa sauti juu ya mvua kama na wa chini washatoka. Nikatazama karatasi. Chini palikuwa na mstari mmoja tu, muuza kahawa, watu wawili, na wote nilikuwa nimewatia alama. Nikamjibu kwamba wa chini wote washatoka. Akarudi ndani moyo umemtua.

Wapangaji wenzake yule mjane walikuwepo, na watu wameniuliza mara nyingi kwa nini hawakusema. Wale wanawake waliotangulia skuli walidhani atakuja na kundi la pili. Wanaume walidhani alikuwa katika kundi la kwanza. Wasingeweza kumjua katika wanawake waliojifunika, na kwa miezi ile walikuwa wamezoea kupita mlangoni kwake bila ya kutazama. Siwalaumu. Mimi ndiye niliyewekwa pale nisidhani.

Wakati huo huo firimbi ikasikika Malindi. Nyapara akanigeukia, mvua inamchuruzika usoni, mara hii hana mzaha.

"Wametimia, karani?"

"Wametimia."

"Una hakika?"

"Nna hakika."

Akawaita watu wake washuke. Ukuta wa ubavuni ulikuwa umeinama, na kila dakika waliyobaki pale walikuwa wanacheza na roho zao. Wakabeba mitarimbo, wakaenda.

Nilichokihisi wakati ule ndicho kinachonitoa usingizini. Nilifurahi. Mambo yalikuwa yamekwenda kama yalivyoandikwa, na karatasi ilikuwa imesema kweli. Nilitembea nyuma ya nyapara katika maji ya mferejini nikajiona mrefu.

Malindi tulikuta ukuta umepasuka lakini umesimama. Watu sita wakatolewa, na hata hawajamaliza kuvuka njia nyumba ikashuka nyuma yao. Kama tungechelewa Mkunazini tungewazika. Mkubwa wetu alinishika bega mbele ya watu. Mpaka leo nikipita Malindi kuna mama mmoja huniombea dua kutoka dirishani, nami hujificha nisimsikie.

Baada ya adhuhuri nilirudi ofisini kuandika ripoti. Nilikuwa nimefika ukurasa wa pili mama alipoingia. Hakuwa amepata kukanyaga ofisini kwangu kabla ya siku ile. Alisimama karibu na mlango, buibui limeroa, mkononi ana kikapu kilichofunikwa kawa.

"Mwanangu," alisema, "yule mwenzangu mmempeleka wapi? Skuli hayupo. Hospitali hayupo."

Nikalivuta daftari, nikalifungua penye karatasi ya nyumba ile. Mama alinitazama, na nikaona anaelewa. Hakupiga kelele. Alikiweka kikapu chini pole pole, kana kwamba kina mayai.

Sikumbuki nilivyofika Mkunazini. Nakumbuka nikichimba kwa mikono mpaka nyapara aliponivuta nyuma, akasema nitawaangushia ukuta wote, wakachimba wao. Walimkuta kabla ya magharibi, mahali mlango wa chumba chake ulipokuwa, chini ya boriti mbili zilizoegemeana. Zile boriti zilikuwa zimemwachia nafasi ya kupumua. Nyapara aliliona hilo, na mimi nililiona. Alivua koti lake akamfunika.

Mama alikuwa pamoja na waliomwosha. Nilimuuliza kama aliumia sana, kama ilikuwa mara moja. Akasema nisimuulize. Nikamuuliza tena kesho yake, na kesho kutwa. Mara ya tatu alikuwa akichambua mchele, akasema bila ya kuinua macho: "Chokaa ilikuwa imejaa ndani ya kucha zake. Tulitumia kijiti kuitoa." Akaendelea kuchambua. Sikumuuliza tena jambo lolote.

Jeneza lilipelekwa Makunduchi kwao, juu ya gari la shamba. Sikwenda. Nilisema naumwa, lakini ningeweza kwenda.

Ofisini karani mkuu alinipa barua nipige taipu, ya kumpelekea kakake. Nimekuwa nikimheshimu mtu huyu na bado namheshimu. Alikuwa akinilinda mimi na kulilinda daftari, maana wakubwa walikuwa wanataka kulianzisha na Ng'ambo, upande wa pili wa mji. Barua ilitoa pole, kisha ikasema kwamba marehemu hakuwa ameandikishwa katika nyumba ile. Kila neno lilikuwa la kweli. Nilikaa mbele ya mashine. Nilijua kwamba msomaji atafahamu kuwa kuna mahali marehemu alipaswa kwenda kujiandikisha, naye hakwenda.

Nikaipiga. Barua nzima, bila ya kosa hata moja.

Siku tatu barua ile ikawa njiani, na siku tatu sikula. Siku ya nne nikapanda gari la Makunduchi. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, nayafuta kichwani, nayapanga tena. Nilitaka yawe sawa. Gari lilipofika nilikuwa sina hata moja.

Ilikuwa siku ya khitma ya saba. Wanaume walikuwa wamekaa juu ya majamvi, uani, chini ya makuti, na kakake alikuwa mlangoni akiwapokea watu. Ni mtu mzima, mkulima, mikono yake imepasuka kwa kupiga jembe katika ardhi ya mawe. Nilimwamkia, akaniitikia, akaniuliza mimi ni wa nani. Nikamtajia mama. Uso wake ukafunguka. Akanishika mkono, akaniweka kando, akatoa bahasha katika mfuko wa kanzu.

"Wewe unasoma," akasema. "Nimesomewa, lakini nnataka nisikie tena. Wanasema hakuandikishwa?"

Nikasema ndivyo ilivyoandikwa.

"Basi ni mimi," alisema. "Mumewe alipokufa ilinibidi nishuke mjini, nende huko ofisini nikamwandikishe. Mimi ndiye mwanamme wake. Sikujua kama kuna kitu hicho. Nilikuwa napalilia muhogo. Nimelala usiku huu nikisema, ungelikwenda siku moja tu, siku moja."

Akaanza kulia, pale pale, mbele ya wageni, bila ya kujifuta.

Ningeweza kumwacha hivyo. Naandika haya kwa sababu kwa kitambo, labda kwa muda wa kuvuta pumzi mbili, nilifikiri kumwacha. Kisha nikasema yote, ovyo, nyuma mbele, bila ya mpango. Kwamba hapakuwa na pa kwenda kujiandikisha. Kwamba mwandishi ni mimi, na nilimjua, na chakula chake nilikipeleka kwa mkono wangu. Kwamba nilimkata kwa sababu mstari ulikuwa wa mumewe. Kwamba nyapara aliniuliza kama nina hakika.

"Ulisema nini?" aliniuliza.

"Nilisema nna hakika."

Watu walikuwa wakipita kati yetu kuingia uani, wakitoa salamu, na yeye akiitikia kila mmoja. Nilimwambia kwamba nimekuja kumtaka radhi.

"Mimi huna deni langu," akasema mwishowe. "Aliyekuwa ndani ni yeye. Radhi ungemtaka yeye, na yeye hayupo." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, na njia yenyewe imefungwa. "Lakini hiyo barua umeniondolea. Ingenila."

Aliichana mara mbili, akavitia vipande mfukoni. Nilidhani ataniambia niondoke. Aliniongoza mpaka ukingoni mwa jamvi, akanikalisha baina ya wazee wawili, akaenda kwenye sanduku la misahafu na kunipa juzuu moja katika zile thelathini.

"Msomee," akasema.

Kila mtu alikuwa na juzuu yake. Sauti zikapanda pamoja, kila mmoja na yake, kama kawaida ya khitma. Mimi nilisoma pole pole, kidole juu ya mstari, kwani nilikuwa naogopa kukosea. Nilikosea mapema. Nilirudi mwanzo wa aya, nikakosea tena. Mmoja akamaliza na kufunga juzuu yake, kisha mwengine, kisha upande wote wa pili wa jamvi, mpaka nikawa nasikia sauti yangu peke yake uani, nyembamba. Nilikuwa na kurasa sita bado. Niliinua kichwa, nikataka kusema naomba mtu anisaidie, wamalize, wana kazi zao mashambani na chakula kinapoa.

Mzee wa kuliani kwangu alinigusa goti. "Soma tu, mwanangu," alinong'ona. "Haifungwi mpaka wote wamalize."

Nikainama, nikaendelea. Hakuna aliyeinuka.